Upepo wa Juu ya Paa

Kufikia saa tisa alasiri, mwanamke aliyekuwa juu ya paa la jukwaa kuu alikuwa amekwisha kudharau watu wengi kiasi kwamba wa kudharauliwa walikuwa wamebaki wachache. Alianza na mlinzi wa geti, aliyemwuliza kama amekuja kupika chakula cha wageni. Akafuata mtangazaji, aliyekuwa akipiga domo kwenye kipaza sauti kwamba vijana wanne wangeshuka kutoka mbinguni, kana kwamba huko mbinguni ndiko kwao. Kisha watazamaji, elfu arobaini wa kuhesabu, waliolipa viingilio ili wakae juani na kumtukana refa ambaye hata hajaingia uwanjani. Hao aliwadharau kwa jumla, maana mmoja mmoja angekesha.

Kazi yake ilikuwa kupima hewa. Kwenye kiwanja cha ndege walimwita Mama Vipimo, na kwa miaka kumi na minane hakuna rubani aliyewahi kurudi kumwambia kwamba namba zake zilikuwa za uongo. Siku ya fainali alipanda ngazi za chuma mia na kumi na mbili, na mgongo wake ukimlaumu kwa kila ngazi, akafunga mlingoti wenye vikombe vitatu vidogo vinavyozungushwa na upepo. Kifaa kilichosoma namba za mlingoti bila waya, popote alipo, kilikuwa mkononi mwake, kidogo kama simu. Kilisoma thelathini na tatu. Kikaruka thelathini na sita, kikarudi thelathini na tatu. Kilomita ishirini na tano kwa saa ndiyo iliyokuwa mwisho wa ruhusa kwa mtu anayeruka kutoka kwenye ndege na mwavuli kutua ndani ya uwanja wa mpira.

Chini, katikati ya majani, alisimama mtu ambaye hakuweza kumaliza kumdharau. Huyo alikuwa mratibu wa shughuli, mwenye miwani myeusi na redio tatu kiunoni, na kwa kuwa kila alipoulizwa jambo alijibu kwamba hali ni shwari, Mama Vipimo alimpa jina la Bwana Shwari. Bwana Shwari alikuwa na kipimo chake cha upepo, kipya, bado kina harufu ya boksi. Alikishika juu ya kichwa chake katika duara la kati, na wapiga picha wakampiga picha.

"Mama, huku ni kilomita nne tu," alisema kwenye redio. "Mambo shwari kabisa."

"Huko uko ndani ya bakuli, bwana. Mimi niko kwenye ukingo. Hapa ni thelathini na tatu."

"Sasa mama, wanatua huko au huku?"

Mama Vipimo alisonya, na alisonya huku amebonyeza kitufe ili msonyo ufike. Kumweleza alikuwa amemweleza asubuhi, tena kwa kumchorea. Uwanja una kuta pande zote. Chini kunatulia, mtu anaweza kuwasha kiberiti. Lakini upepo unaopita juu ya paa hauendi zake. Unaanguka ndani kama maji yanayomwagika ukingoni, unajikunja, na mwavuli ukikutana nao kwenye kimo cha ghorofa tatu unajifunga kama kitambaa kilicholowa. Kinachobaki kushuka ni mtu. Bwana Shwari alitikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha akauliza kama ule mchoro unaweza kuchapishwa kwa rangi.

Wajinga wa namna hiyo aliwazoea. Kilichomsumbua siku hiyo ni kwamba mmoja wa wale wanne ndani ya ndege alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mama alipolazwa hospitali na asirudi. Kwa miaka miwili kijana alikuwa akikunja miavuli ya wenzake kwenye meza ndefu za kiwanja cha ndege, akisubiri nafasi moja ya kuruka mbele ya watu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo. Kapteni, mkuu wa warukaji, alimwambia wazi: atue kwenye duara la kati na mpira wa fainali mkononi, ataingia timu. Asipotua, atafute kazi nyingine. Mama Vipimo aliidharau hata shughuli yenyewe, mtu mzima kuvishwa nguo za kasuku na kurushwa kutoka futi elfu nne ili alete mpira ambao ungeweza kuingia kwa mlango. Lakini hakuwahi kumwambia mdogo wake hivyo. Alimpigia pasi zile nguo.

Injini ilisikika upande wa mashariki. Papo hapo redio ikaleta sauti ya Bwana Shwari akimwambia rubani kwamba uwanja uko tayari na hewa ni safi.

Hapo Kapteni alikuwa na akili, na Mama Vipimo alimpa heshima yake kwa hilo. Aliwahi kufanya kazi na waratibu wengi, kwa hiyo aliweka sharti moja: ndani ya ndege hawafuati redio, wanafuata kitambaa. Vitambaa viwili vya rangi ya chungwa, virefu kama kanga sita zilizoungwa, vikilazwa sambamba uwanjani maana yake rukeni. Vikipishana msalaba, msiruke. Na wa kuvilaza ni mpima hewa peke yake.

Alishuka zile ngazi mia na kumi na mbili kwa kasi ambayo mwili wake ulikuwa umeisahau. Akaingia uwanjani na furushi lake, mwanamke mnene mwenye viatu vya kazini, akitweta, na skrini kubwa ikamwonyesha. Uwanja ukacheka. Alipovilaza vitambaa msalaba na mtangazaji akaeleza maana yake, kicheko kikageuka zomeo. Skrini ikaonyesha bendera ya kona, imelala kwenye mti wake, haitikisiki hata kidogo. Watu wakaielewa bendera. Chupa ya maji ikaruka kutoka jukwaani, ikatua mbali naye, na akawadharau hata kwa kulenga vibaya.

Bwana Shwari alimjia akihema. Alisema wageni wa heshima wamekaa, kamera ziko hewani, na kwamba yeye ndiye atakayejibu maswali. Akainama kushika ncha ya kitambaa. Mama Vipimo alikikanyaga kwa miguu yote miwili.

"Kivute," alimwambia. "Mtu akivunjika shingo, nitaonyesha mkono uliokivuta."

Bwana Shwari aliuangalia mkono wake mwenyewe, akaunyanyua. Kisha simu yake ikaita, akaenda pembeni kumweleza mkubwa wake kwamba hali ni shwari ila kuna mama mmoja.

Hakuna furaha aliyoipata siku hiyo kama ile. Alisimama kwenye makutano ya vitambaa, elfu arobaini wakimzomea, na akajiona peke yake mwenye macho katika mji wa vipofu. Ndege ilizunguka juu, ikatoka, ikarudi. Akatazama kifaa mkononi ili aione namba iliyompa haki.

Kilisoma kumi na tisa.

Akasubiri kirudi. Kikasoma kumi na nane, kumi na saba, kumi na nane. Kanuni ilisema namba ikikaa chini ya ishirini na tano kwa dakika tatu kamili, kitambaa kinageuzwa. Dakika tatu zilipita, na ya nne ikapita. Alitazama juu ya paa: bendera za kule, zilizokuwa zikichapana tangu asubuhi, zimenyong'onyea zote. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano, na hewa, juu na chini, ilikuwa shwari kabisa.

Kilichotakiwa ni kuinama, kushika ncha moja na kutembea hatua nane. Angekuwa mtu mwingine yeyote kule juu ndani ya ndege, angekuwa amekwisha kutembea. Hilo alilijua wakati ule ule, halikumjia baadaye. Lakini aliona tu yale magoti membamba ya mdogo wake, ambayo alikuwa akiyapaka dawa kila alipoanguka utotoni, na mlango wa ndege ulio wazi. Akajiambia kwamba upepo wa namna hii hupumzika kidogo kisha hurudi na hasira. Akakitia kifaa mfukoni, na hakukitoa tena. Bwana Shwari, kule pembeni na simu yake, hakuwa hata na akili ya kuuliza.

Ndege iliinamisha bawa, ikarudi kiwanjani kwake. Mpira mwingine ukaletwa na mtu aliyeingia kwa mlango. Upepo haukurudi. Mechi nzima ilichezwa na hakuna karatasi iliyopeperuka, na Mama Vipimo alipanda kuuchukua mlingoti wake, akashuka nao akitukanwa mpaka getini.

Kwenye kiwanja cha ndege aliwakuta katika chumba cha kukunjia miavuli, wanne wote wamekaa juu ya meza na nguo zao za kasuku. Mdogo wake alikuwa amelia, na alikuwa amekwisha kunawa uso ili isijulikane. Kapteni aliinuka, akampa dada mtu kiti na kumshukuru kwa heshima. Alisema wamesikia jinsi alivyozomewa, na kwamba wenye moyo kama wake ni wachache. Kisha akasogeza fomu ya siku mezani.

"Nijazie upepo wa saa tisa na dakika arobaini na tano, dada. Hiyo tu ndiyo wanayoitaka waandaaji. Jumapili kuna mechi nyingine pale pale. Kama hewa ilitulia sisi tukachelewa tu, wanatupa nafasi tena, na huyu kijana anaruka. Kama ilikuwa mbaya mpaka mwisho, imekula kwetu. Wanatafuta burudani isiyotegemea upepo."

Mmoja wa warukaji alinung'unika kwamba wakati wa mzunguko wa mwisho yeye aliona bendera za paani zimelala. Alisema pengine watu wa chini waliogopa tu lawama, au walisinzia.

Mama Vipimo alifungua mdomo. Lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kuteremka kutoka mezani, macho bado mekundu.

"Humjui dada yangu," alisema. "Huyu ndiye aliyenilea. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akisoma namba anayoitaka yeye. Akisema hapana ni hapana, hata kama ni mimi ndiye ninayekosa."

Yule mwenzake akaomba radhi. Kapteni akaweka kalamu juu ya fomu.

Mama Vipimo aliishika. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto, na akatamani Bwana Shwari awepo ili apate mtu wa kumtazama kwa jicho lile alilolizoea. Nafasi ya kujaza ilikuwa ndogo, ya tarakimu mbili tu. Kumi na nane ingetosha, na Jumapili mlango wa ndege ungefunguliwa tena. Aliandika thelathini na moja, kwa mwandiko wake mzuri unaosomeka, akatia sahihi.

Mdogo wake alichungulia juu ya bega lake, akaisoma ile namba.

"Mnaona?" akawaambia wenzake.