Kiwiko cha Fabian

Kuliko hata joto la Doha, kilichomchosha Fabian Onyango ni swali moja: kwani besiboli si kriketi tu? Si kriketi! Alikuwa amewaeleza wapishi, madereva na walinzi wenzake wote wa kambi ya wafanyakazi ya Al Wakrah mpaka koo likamkauka. Yeye alikuwa mrushaji wa kulipwa. Misimu mitatu, katika ligi ndogo huko Japani, watu walikata tiketi kumwona akirusha mpira. Kisha bega likaleta matata, timu ikamwambia asante, na sasa, mwaka 2013, alikuwa analinda geti la ghala.

Shule moja mjini ilimtaka awe kocha wa besiboli. Kocha, jamani, baada ya miaka minne ya geti! Ilibaki barua ya mwajiri tu, ya kukubali ahame. Bila hiyo, sheria za huku hazikumruhusu kuondoka. Shule ilimpa mpaka Jumapili.

"Wewe si hurusha mpira?" mudiri wa kambi, yaani meneja, Bwana Kurian, akamuuliza. "Ijumaa tuna fainali ya kriketi na kambi ya Lusail. Tukishinda, nasaini barua yako."

Angefanyaje? Kila jioni wiki hiyo alijitesa nyuma ya jiko, akisimamiwa na Job, dereva aliyelala naye chumba kimoja. Kwenye besiboli kiwiko hukunjwa, kikafyatuka. Kwenye kriketi mkono unyooke. Ukiukunja kisha ukaunyoosha wakati wa kurusha, mpira ni haramu.

"Umekunja tena," Job akasema.

"Sijakunja!"

"Umekunja, bana. Na mimi hata sijui hii mchezo."

Job akamfunga kipande cha bomba la plastiki kwenye kiwiko. Fabian akatupa kofia chini kwa hasira. Mtu mzima, aliyewahi kuombwa saini na watoto wa Kijapani, anafungwa bomba kama mche wa mpapai!

Ijumaa, mpira wake wa kwanza ukaitwa haramu. Wa pili haramu. Wa tatu haramu, na mwamuzi aliinua mkono kwa raha iliyomuudhi Fabian kupita kiasi. Akameza hasira, akaunyoosha mkono wote, bega likilia, akauachia mpira kwa kasi ambayo uwanja ule haukuwahi kuiona. Vijiti vitatu nyuma ya mpigaji vikaruka. Akawatoa watu saba wa Lusail, na kambi nzima ikambeba juujuu.

Jumapili asubuhi akaingia ofisini na barua yake. Bwana Kurian akamkumbatia, akamwagizia chai ya maziwa, akawaita makarani waje wamwone. Barua akaipokea, akaisoma, akaifungia kwenye droo.

"Ligi ya makampuni inaanza mwezi ujao," akasema.

"Mudiri, uliahidi!"

"Niliahidi, ndiyo," Bwana Kurian akasema, akitabasamu kwa upendo wa kweli. "Lakini hapo nilikuwa sijakuona ukirusha."