Aliyoyasema Gracien Usingizini

Mambo ya Gracien yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, na mwenyewe hakuwepo. Mwili wake ulikuwepo, ndiyo, umelazwa kwenye kitanda cha chuma, macho wazi yanatazama dari. Lakini mwenye mwili alikuwa ameondoka, na kinywa alikiacha nyuma kama mlango usiofungwa.

Majirani zake husema siku mbaya ilikuwa ile ya mwezi wa nne, mvua ilipomchukua mke wake Apolline. Hapana. Siku ile ilikuwa ya kilio, na kilio kinafika mahali kinachoka. Hii ya mwezi wa kumi haichoki.

Gracien alikuwa fundi wa mawe. Miaka kumi na sita alijenga kuta za kuzuia udongo kule Muhumba, kuta nene kama mabega ya ng'ombe, ili villa za wakubwa zisiteleze ziwani. Jioni alipanda kwenda kwake, kwenye kiwanja kilichoning'inia juu ya bonde, ambako hakukuwa na ukuta hata wa kimo cha mbuzi. Kiwanja kilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na mihuri mitatu. Waliomwuzia walijua vizuri maji yanapita wapi. Maji yalipokuja hayakusoma muhuri. Siku ya pili wakubwa walifika na buti mpya, wakapigwa picha, wakasema wanalia pamoja na wafiwa, kisha wakaenda kula.

Mawe hayo hayo ndiyo yaliyompa ngiri, naye akaenda kupasuliwa katika kituo kimoja kidogo cha afya huko Ibanda. Daktari alimchoma sindano ya kulala, akapasua, akashona, akavua glovu na kutoka mbio, kwa kuwa alikuwa na semina hotelini. Akabaki muuguzi mmoja, Jeanine, na vyumba vitatu vya wagonjwa. Katika hali kama hiyo mgonjwa ni wa watu wake. Garde-malade ndiye anayeleta uji, anayemwaga mkojo, anayekaa kando ya kitanda mpaka mgonjwa aamke. Mwenye mke anauguzwa na mke. Gracien mke hakuwa naye tena, na ndugu yake wa pekee alikuwa anachimba dhahabu mbali huko Shabunda. Akaja shemeji yake Ignace, kaka mkubwa wa Apolline, katekista wa Nyangezi, nje ya mji, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari lisilotoka mfukoni.

Ignace ndiye aliyekaa pale. Ignace ndiye aliyesikia. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kuandika, aliandika.

Gracien alipotoka kituoni Jumamosi akakuta nyumba ya kupanga aliyohamia imefungwa kwa kamba. Binti yake Gloire, mwenye miaka tisa, hakuwemo.

"Tonton yake, kaka ya mama yake, alikuja kumubeba," jirani alimwambia, akichambua maharagwe bila kuinua kichwa. "Na nguo yake yote. Alisema weye unajua."

Hakujua kitu. Jumapili akapanda pikipiki mpaka Nyangezi, na kila shimo la barabara likamgonga kwenye mshono.

Walikuwa wanamngoja. Mama mkwe wake, Maman Virginie, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kitenge cha msiba kingali kiunoni. Shangazi wawili kwenye benchi. Gloire alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sahani mkononi. Alipomwona baba yake alichukua hatua moja, bibi yake akakohoa, hatua ya pili haikuja.

"Keti, shemeki," Ignace alisema. Akafungua daftari. "Nitasoma, weye utasikia. Sitaongeza, sitapunguza."

Akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea Injili: "'Nilimuachilia. Miye mwenyewe nilimuachilia. Vidole yake ilikuwa ingali inanishika. Nilimuachilia ju ya...' Pale ukanyamaza. Ukaanza kukoroma."

Kuku walisikika uani wakiparua.

"Ju ya nini?" Maman Virginie aliuliza, akitaka sababu.

"Sijui, maman. Sijui hata kama nilisema."

"Kumbe Ignace iko mwongo?"

"Sisemi vile, maman."

"Basi ulisema."

"Kinywa ilisema. Miye sikukuwa pale."

Shangazi mmoja akacheka kicheko cha kutema. "Mulevi anasemaka ni pombe. Mwizi anasemaka ni shetani. Huyu wetu ni sindano!"

Ignace hakucheka. Alikuwa anampenda dada yake, na huo ndio ulikuwa ubaya wake: mtu mbaya ungemtukana ukaondoka. "Ku kilio ulituambia nini? Ulisema maji ilivunja ukuta wa nyuma, saa tano ya muchana. Gloire ku mukono wa kuume, Apolline ku wa kushoto. Ukasema mukono yake iliponyoka. Sisi tulilia na weye. Sasa, shemeki, kitu ikiponyoka, mutu analia. Akiachilia, anajibu."

"Nijibu nini kama sikumbuki?"

"Utakumbuka. Mpaka pale, mutoto anabaki huku."

"Ni mutoto yangu!"

"Na mama yake alikuwa wa nani?" Maman Virginie alisema taratibu. Swali hilo likafunga kikao.

Gracien alipokuwa anapanda pikipiki, Gloire alitoka mbio nyuma ya nyumba. "Papa, kidonda kinauma?"

"Hapana, mama yangu."

"Unasema bongo. Ninaona kinauma."

"Kidogo tu."

Wakamwita ndani.

Basi kuanzia siku hiyo Gracien alifungwa bila askari na bila kufuli. Mtu akikusingizia neno la uongo unaweza kumpeleka mbele ya chifu. Lakini wewe mwenyewe ukijishitaki, na huna habari, utamwita nani? Mchana alilala kwa makusudi, apate kuota. Akaota. Katika ndoto ya kwanza mkono wa Apolline uliteleza kama samaki, kama alivyosema kwenye kilio. Akashukuru. Kesho yake akaota vidole vyake mwenyewe vikifunguka kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayehesabu. Akaamka na jasho. Ndoto ya tatu, Apolline alikuwa anasema kitu, kinywa kinakwenda, maji yanakoroma, neno halisikiki. Mwisho hakujua tena kipi alikiona kwa macho siku ya mvua na kipi kililetwa na usingizi. Kumbukumbu zote zilikuwa na rangi moja, ya matope.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Ikiwa aliachilia kwa sababu ya woga, aokoe roho yake, basi Gloire ameenda, na wana haki. Lakini ikiwa Apolline alisema "shika mutoto", naye akatii, akaachilia mmoja ili amshike mwingine kwa nguvu zote? Atakuwa safi mbele ya familia. Na Gloire atajua, maisha yake yote, kwamba mama yake alibadilishwa naye kama gunia na gunia. Hilo ndilo gereza lake: mlango wa huku unampoteza mtoto, mlango wa kule unamvunja mtoto.

Pikipiki ya Nyangezi ilikuwa imefanya kazi yake. Kidonda kilivimba, kikatoa usaha. Alhamisi iliyofuata alirudi kituoni. Jeanine alifunua kitambaa, akapiga ulimi.

"Tutafungua, papa. Tusafishe, tushone upya. Haiko kitu kubwa. Nitakuchoma ganzi pale pale, utaniona vile ninafanya."

"Hapana," sauti ilisema mlangoni. "Mumupe ile ya kulala."

Ilikuwa Ignace. Jirani wa maharagwe alikuwa amempigia simu. Nyuma yake Maman Virginie, na nyuma ya bibi huyo, Gloire, na begani kwa Ignace begi la nguo za Gloire, lile la shule lenye mkanda uliokatika.

"Ile ya kulala ya nini, kwa kidonda kama hii?" Jeanine aliuliza.

"Aliacha neno katikati. Amalize. Akisema vizuri, begi inabaki huku na mutoto. Akisema vibaya, tunarudi nayo."

Jeanine alimtazama, kisha akamtazama mgonjwa, kama mtu anayetafuta nani kati yao ana homa. "Papa katekista, unisikilize. Ile dawa haisemeshi kweli. Inatenganisha mutu na mwili yake, anaota macho wazi. Mwezi ulioisha tulikuwa na maman mmoja hapa, alisema yeye ni kuku ya gavana na ametaga. Unafikiri tulitafuta mayai?"

Hata Gracien alicheka, akashika tumbo kwa uchungu.

"Huyo kuku hakuzika mutu," Ignace alisema. "Miye nilizika dada yangu."

Jeanine alitoka kumwita daktari, akiwa na hakika kwamba daktari atakataa. Daktari alikuwa kwenye korido, simu sikioni, koti jeupe limefungwa vifungo vibaya. Alisikiliza kwa sikio lililobaki. "Mgonjwa anakubali?"

"Dokta, lakini sababu yao..."

"Nimeuliza kama anakubali. Familia inataka, mgonjwa akikubali, dawa iko. Nitakuja kushona kwa dakika kumi, wananingoja kwa mkutano." Akaegemeza karatasi ya ruhusa ukutani, akasaini bila kusoma.

Huo ndio ukubwa. Mmoja anapiga muhuri juu ya bonde, mwingine anasaini juu ya mtu, na wote wawili wana mkutano.

"Unakubali, papa?" Jeanine aliuliza kwa sauti ya chini. "Useme hapana. Useme tu hapana, nitawafukuza wote."

Gracien angeweza kusema hapana. Lakini alitazama begi. Na zaidi ya begi, yeye mwenyewe alitaka kujua. Siku nne alikuwa amepiga hodi kwenye kichwa chake bila kufunguliwa.

"Ninakubali. Ila mutoto atoke. Akae kule nje, mbali, chini ya ile paa ya kufulia. Maman, tafazali. Hilo tu."

Maman Virginie alifikiri, akamtuma Gloire nje. Mtoto alitoka akitembea kinyumenyume.

Akalala chali. Jeanine akitafuta mshipa, Gracien alifikiri jambo ambalo baadaye alilikumbuka vizuri kuliko yote: hakuna aliyewalaza wale waliouza bonde, akawachoma sindano, akakaa na daftari kando ya kitanda akiwauliza, ju ya nini? Mihuri mitatu, watu watatu, na hata mmoja hajaulizwa akiwa macho, sembuse usingizini. Anayeulizwa ni aliyekuwa ndani ya maji.

"Hesabu, papa," Jeanine alisema.

"Moja," alisema Gracien. "Mbili." Ya tatu ilikuwa nzito kama jiwe la msingi, hakuweza kuinyanyua.

Dari ilishuka, ikapita ndani yake bila kumwumiza, ikaenda zake. Miguu ilikuwa mbali, upande wa Rwanda, ng'ambo ya ziwa. Kengele ililia bila kunyamaza. Kisha akawa ukuta, ukuta mzuri wa mawe, na nyuma yake maji yalikuwa yanasukuma, na katikati ya mawe kulikuwa na vidole. Alisikia mtu anazungumza, sauti aliyoijua, mwanamume, anaeleza jambo refu kwa utulivu, mwanzo mpaka mwisho. Gracien alimsikiliza kwa furaha kubwa. Alifikiri: huyu anasema vizuri, nitamwuliza arudie. Halafu mwanga ukakatika kama kawaida ya umeme wa mji huu.

Aliporudi, kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya dawa ya kusafishia. Cha pili, vyombo vikigongana ndani ya maji. Alingoja dari itulie.

Daktari hakuwepo. Jeanine alikuwa amempa mgongo, anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Maman Virginie alikuwa amegeukia dirisha, kitenge kimefunika mdomo. Ignace alikuwa amesimama kando ya kitanda, miwani mkononi, daftari limefunguliwa. Ukurasa ulikuwa mweupe. Kalamu ilikuwa sakafuni, na hakuinama kuiokota. Begi lilikuwa bado begani kwake.

"Nilimaliza?" Gracien aliuliza. Ulimi ulikuwa kama kitambaa.

Ignace alilifunga daftari lile tupu. Mtu yule wa kusoma bila kuongeza na bila kupunguza.

"Jeanine. Nilisema?"

"Upumuzike, papa. Bado una dawa ku damu."

"Maman?"

Mabega ya Maman Virginie yalitikisika, lakini hakugeuka. Haikujulikana kama ni kilio cha hasira au cha kuomba msamaha. Kwa nyuma vinafanana.

Hapo ndipo Gracien alipohisi mkono wake wa kushoto umeshikwa. Vidole vidogo, vya baridi, vyenye harufu ya sabuni ya kule kwenye paa la kufulia. Aligeuza kichwa taratibu. Gloire alikuwa amekaa chini, kando ya kitanda, magoti yamekunjwa, uso umelowa. Nani alimwingiza? Tangu saa ngapi? Alikuwa amemshika baba yake kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia kitu juu ya maji, na alikuwa anamtazama kwa macho ambayo Gracien hakuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu mzima.

Alipotikisa vidole, mtoto alikaza zaidi.

"Gloire," akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe safari hii, ndogo na yenye woga. "Gloire, mama yangu. Papa yako alisema nini?"