Mtani Katika Kaburi la Somo Jipya

Usiku wa jana, mkesha wa kikao, niliota nimelibeba somo langu mgongoni kwa kanga, nalipeleka kwenye Baraza likasajiliwe.

Somo lenyewe ni Taaluma ya Utani: namna makabila yanavyotaniana, hasa misibani, na kwa nini hakuna anayekasirika. Nimelihangaikia tangu sina mvi. Leo asubuhi Baraza lilikuwa liamue kama lifundishwe katika vyuo vikuu vyote nchini au litupwe, na mtu wa kulitupa nilimjua: Profesa Kihwele, mwanafizikia, ambaye kikao kilichopita aliniuliza bila hata kutabasamu, "Daktari Ngonyani, mtatoa digrii ya kucheka?"

Basi, ndotoni naingia ukumbini. Wajumbe hawapo, vimekuja viti vyao. Kiti cha mwenyekiti kinakohoa vumbi.

"Kanuni inasema somo jipya lisimame lenyewe," kinasema. "Lishushe."

Nalishusha. Lina miguu myembamba na soksi nilizolivalisha mwenyewe. Linasimama kidogo, linaviangalia viti, linaangua kicheko, linaanguka.

"Limekufa," kinasema kiti.

"Linacheka," nasema.

"Hatuna kifungu cha kucheka. Lizikwe."

Hapohapo ukumbi si ukumbi tena, ni makaburi ya nyuma ya maktaba, ambayo chuoni kwetu hayapo. Somo limo jenezani, nalisikia likijikuna. Viti vimefunga vitambaa vyeusi miguuni, na kimoja kinaulizia wali. Nafungua mdomo nipinge, sauti haitoki. Niliumia, sitaficha.

Jeneza linapoinuliwa, Kihwele anatokea na suti yake ya vikao, anajitosa kaburini, anajinyoosha chali.

"Hazikwi mtu humu," anasema. "Nimepapenda. Pana ubaridi kama kwetu Iringa."

"Profesa, toka," kinasema kiti.

"Mimi Mhehe, marehemu ni mtoto wa Mngoni. Babu zao walitimua mbio walipowaona babu zetu. Mtani wao hatoki bure. Nilipeni."

"Nani alikimbia?" nasema, sauti imenirudia. "Kamuulize babu yako miguu ilimpeleka wapi."

"Mfiwa, wewe lia tu," ananijibu. Ananyoosha mkono kutoka shimoni, ananivua ndala ya kushoto, anailalia kama mto.

Viti vinanong'onezana. Havina kuku, havina pombe ya kumlipa mtani. Vina mhuri tu.

"Huohuo," anasema Kihwele. "Ugongeni juu ya jeneza, nitoke."

Mhuri unalalamika kwamba haujanywa chai. Unagonga hivyohivyo. Jeneza linafunguka, somo linatoka na soksi zake, linasimama, na safari hii linacheka bila kuanguka. Nikakaa chini kwenye udongo nikalia kwa raha, na hakuna kiti kilichonikataza.

Nikaamka. Kumekucha. Nikashusha miguu kutafuta ndala. Ya kulia ipo. Ya kushoto niliitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka ndani ya kikapu cha nguo chafu.

Simu ikaita kidogo. Ulikuwa ujumbe wa Profesa Kihwele, ambaye miaka yote hajawahi kuniita jina lolote ila Daktari.

"Mtani, nimeamka mgongo unaniuma, na chini ya mto wangu kuna ndala ya bluu. Mke wangu anasubiri maelezo. Njoo nayo ya pili kikaoni. Kura yangu unayo, ila jogoo ni lazima."

Nikavaa viatu, nikaenda sokoni kutafuta jogoo.