Karangwa Aliyengoja Dunia Zigongane

Pale Kingi, kijijini milimani, kila aliyepita njiani alijua kwamba kwa Karangwa kilio hakijaisha, kwa sababu dume lake la ng'ombe lilikuwa bado limefungiwa peke yake, likinguruma tangu asubuhi kama mtu anayedai haki yake. Katika ukoo wao wa wafugaji, nyumba ikifiwa, dume hutengwa na majike mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo wafiwa huoga na kunyolewa, dume likarudishwa, uzazi ukaanza tena zizini. Wakristo wengi wa milima ile wameiacha desturi hiyo. Karangwa, ambaye hakosi kanisani, hakuiacha. Tena aliivuta hata ikapita kipimo. Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Hakuna jike lililoshika mimba. Maziwa yakapungua mpaka mtengeneza jibini akaacha kutuma mtu wa kuyachukua.

Watu walidhani ni uchungu tu. Na uchungu alikuwa nao, wa kujaza bonde. Mkewe, Vénantie, mimba ilimharibikia, damu ikakataa kukatika. Wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, kwenda hospitali, wakafika mtoni, daraja halipo. Lilikuwa limechukuliwa na maji zamani, na wakubwa wa serikali walikuwa wamekwisha kuja kulipima, wakapigwa picha, wakala mbuzi wa watu, wakarudi mjini. Vénantie alikata roho kwenye majani ya ukingo, akiiangalia ng'ambo ya pili. Tangu hapo Karangwa hakumtaja mkubwa yeyote bila kutema mate kwanza.

Lakini chini ya uchungu kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia mtu. Siku moja, akichunga, alisikia redioni profesa mmoja akisema kwamba huenda huu ulimwengu wetu hauko peke yake. Huenda ziko dunia nyingine, kila moja na anga lake na nyota zake, na katika baadhi yake mna watu kama sisi ambao mambo yao yalikwenda tofauti kidogo. Mtangazaji akauliza kama zinaweza kugongana. Profesa akasema, labda. Hapo betri zikaisha.

Karangwa alibaki amesimama katikati ya ng'ombe. Basi mahali fulani daraja lipo. Mahali fulani kipoyi kilipita. Na siku dunia ile ikigonga hii yetu, ukuta utabomoka, Vénantie atavuka arudi nyumbani. Akute nini? Akute mume amenyolewa, dume limerudishwa, kilio chake kimekwisha kama cha mtu asiyengojwa? Akakaza miti ya uzio, akangoja. Kila jioni aliomba kwa Mungu ombi moja: zigongane.

Ndipo akaja Sebahire, kaka wa marehemu, pamoja na Umuhoza, binti wa Karangwa na Vénantie, anayesoma fizikia mjini.

"Bofrere," Sebahire alimwambia shemeji yake kabla hajakaa, "dada yangu tulimuzika. Sasa weye uko nazika ng'ombe."

"Ng'ombe iko yangu."

"Nusu yake ilizaliwa na ile tulimupatia siku ya ndoa. Leo tunamaliza kilio, ao kesho nazipeleka kwangu Kibabi, kwenye dume iko na kazi."

Umuhoza alificha kicheko ndani ya kitenge. Karangwa hakucheka. Alimgeukia.

"Mama," alimwambia binti yake, kwa maana ndivyo alivyomwita tangu utoto, "ku inivasite kwenye unasoma, banawafundisha juu ya dunia zinagongana?"

"Anauliza nini huyu?" Sebahire akasema.

Basi Karangwa akawaeleza yote, redio, daraja, ombi la kila jioni. Alipomaliza, Sebahire alikuwa amevua kofia na hajui aiweke wapi.

Umuhoza alichukua ndoo, akachuchumaa chini ya Bihogo, ng'ombe pekee aliyekuwa bado na maziwa ya maana, akakama kwa nguvu mpaka povu likapanda. Kisha akaiweka ndoo juani, miguuni pa baba yake.

"Angalia hii povu, Papa. Kuko bantu ba sianse banafikiri ulimwengu ilizaliwa vile. Kiputo moja ya povu njo sisi. Ndani yake iko jua, iko nyota zote unaona na zile hauone, mupaka kwenye mwangaza yenyewe haijafika. Zote, ndani ya hii moja. Pembeni iko ingine. Na ingine."

"Nani aliziona?"

"Hakuna. Hesabu inasema inawezekana. Haijasema iko."

Karangwa alipiga magoti. Alikuwa amekama ng'ombe maisha yake yote na hakuwahi kulitazama povu. Katika kila kiputo mlikuwa na jua dogo kama ncha ya sindano. Na chini ya kila jua, mtu mweusi mdogo ameinama. Alisogeza mkono, watu wote wale wakasogeza mikono. Akabana pumzi, asije akapuliza anga la mtu. Aliwaza usiku wa mlimani, nyota zinavyomwagika mpaka zinatia kizunguzungu, halafu akawaza kwamba zote zile zingeingia humu, katika kitu kimoja kisichojaza hata ukucha, na kando yake kingine, na kingine, ndoo nzima.

Viputo viwili vilisogeleana. Vikagusana. Ukuta kati yake ukatetemeka, ukatoweka bila sauti, na majua yale mawili yakazimika.

"Hapa," akanong'ona, "bantu ba ndani banapata nini?"

Umuhoza aliinama kando yake. "Pengine zingegusana kidogo tu, ziache alama ya muviringo juu mbinguni. Banatafuta hiyo alama, hawajapata yenye banaweza kuapia. Lakini kama zingegongana kwa nguvu, Papa, hakuna kitu ingebakia. Hata jiwe. Ingekuja na mbio ya mwangaza, hauone inakuja. Hakuna mutu anavuka."

"Na bale ba upande ile?"

"Upande zote mbili."

Karangwa aliendelea kuitazama ndoo. Kama dunia ile ipo, basi saa hii hii Vénantie yuko chini ya Bihogo wa huko, anakama, anamtukana kwa kupiga mkia. Hajui lolote. Na jioni ikifika, mumewe wa huku anapiga magoti.

"Kumbe nilikuwa naomba akufe tena," alisema.

Sebahire alitazama mlima. Karangwa akajifuta uso kwa kiganja, akauliza kwa sauti nyingine: "Na huko daraja ilijengwa kweli? Na bakubwa kama hawa betu?"

"Kama dunia hazina hesabu, Papa, moja haiwezi kukosa."

"Nyota nimeamini. Povu nimeamini. Bakubwa banajenga daraja, hiyo munipatie muda."

Sebahire alicheka mpaka akakohoa.

"Na saa hii zinasogeleana?" Karangwa akauliza.

"Hapana. Nafasi iko kati yake inapanuka mbio kuliko mwangaza. Zile za mbali hazitakutana, milele."

Milele. Kaburini padri alipolitamka neno hilo, Karangwa alitaka kumrukia. Leo alilirudia polepole, mara mbili. Huko hakuna mto unaofika, hakuna mkubwa anayefika, wala ombi la mume mjinga.

Akaenda kwenye uzio, akachomoa mti wa kwanza, akachomoa wa pili. Dume lilisimama pale pale, likinusa hewa, kana kwamba halijaamini. Kisha likapita karibu naye, zito, likashuka kwa majike.

Sebahire alileta wembe na maji, akamkalisha kwenye kigoda. Alinyoa kidogo, akasimamisha wembe.

"Inamisha kichwa, bofrere, nitakukata."

"Ngoja."

"Unaangalia nini? Iko muchana. Hakuna nyota."

"Ziko," Karangwa alisema, uso juu. "Endelea tu."