Dada wa Kazi Kule Mlimani

Mhasibu alimpeleka mkewe, fundi cherehani, kupumzika siku mbili kwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha mlimani. Mke alimshukuru Mungu njia nzima. Miaka yote ya ndoa alitamani kitu kimoja tu: mumewe amtambulishe mbele za watu.

Barazani walimkuta mkurugenzi wa mume, amekuja na familia yake.

"Na huyu mama?" mkurugenzi aliuliza.

Mume aliitazama kanga ya mkewe iliyopauka, akacheka. "Huyu? Dada wa kazi. Nimemleta anifulie."

"Shikamoo, bosi," mke alisema, akajipeleka chumba cha uani na mkoba wake, ambamo sikuzote alimtunzia mumewe pampu ya dawa ya pumu.

Jioni ukungu ulishuka, baridi ikamkaba mume kifua. Mkurugenzi alimleta uani akimkokota, watoto wake nyuma yao.

"Dada, dawa yake iko wapi? Haraka!"

"Mambo ya dawa anayajua mkewe, bosi. Mimi ni wa kufua tu."

Mume alinyoosha mkono kuelekea mkoba. Mke akaukumbatia, akafumba macho, akaanza kusali.

"Ni... mke wangu," mume alisema kwa shida.

"Sema tena, baba watoto. Hao wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena, machozi yakimtoka, midomo ikibadilika rangi. Hata hapo mke aliimalizia sala yake bila haraka, mpaka amina, ndipo akafungua zipu.