Kurasa Mia Moja Ishirini na Nane

Mimi nimesoma vitabu vitatu na nusu maishani mwangu, na kila kimoja nimekizalia mtoto. Usicheke. Hapa Baraka mwanamke hupata kukaa chini akijifungua tu: siku arobaini ndani ya nyumba, mtoto kifuani, wenzake wanamtwangia sombe, yale majani ya mihogo, na kumchotea maji. Hata kapita, mnyapara wa chama tawala, anayemfuata mgonjwa mpaka kitandani kwa ajili ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, hagusi mlango wa mzazi. Nje ya siku hizo nani atanipa saa ya kusoma? Alfajiri maji, halafu shamba ng'ambo ya mto Mutambala, mihogo ya kulowesha, ndakala, dagaa wa ziwani, za kuanika, Jumatano na Ijumaa animasyon, tunaenda kukichezea chama ngoma na viuno vinauma.

Norbert, mume wangu, ni mwalimu. Ana kiti cha mgongo, taa na muda, na tangu tuoane sijamwona akifungua kitu zaidi ya daftari la kuitia majina wanafunzi.

"Bibi yangu iko entelektuele," huwaambia wenzake wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Kisha ananiita nilete glasi.

Vitabu hutoka kwa Pulchérie, mkunga. Masista walipokimbia vita vya sitini na nne waliacha sanduku, akaliburuta mpaka kwake. Ana sheria moja: kitabu kinatoka na mtoto, kinarudi siku mama anapotoka nje. "Siku zingine hamusomake," husema. "Munafunikaka nayo nyungu."

Mtoto wangu wa kwanza, Dorothée, aliniletea kitabu cha safari za baharini. Placide aliniletea maisha ya mtakatifu mmoja aliyenichosha, nikammaliza kwa hasira. Constance aliniletea ufugaji wa nyuki. Sina nyuki, nilikisoma mara mbili.

Wa nne alikuwa wa kiume. Pulchérie alinipa kitabu kinene kisicho na jalada, kurasa mia tatu na arobaini, hadithi ya mjane wa daktari aliyeshtakiwa kumtilia mumewe sumu. Mashahidi walipita mmoja mmoja, wote wakamsema vibaya, naye akakaa kimya akingoja zamu yake. Nilimpenda. Siku ya tisa, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, hakimu alimwambia asimame ajibu. Hapo nikahisi matiti yamejaa mpaka yanauma, nikatazama chini. Mtoto alikuwa hajanyonya tangu asubuhi. Taya zake zilikuwa zimekaza.

Pulchérie alikuja mbio. Alisema ni ugonjwa wa kitovu, umeshaingia, hakuna ambacho ningefanya. Kabla ya jua kuzama hatukuwa na mtoto.

Nilimlilia. Ninalisema hilo kwa sababu mama mkwe anawaambia watu kwamba sikulia. Nililia mpaka sauti ikakatika.

Siku ya tatu baada ya maziko mama mkwe aliingia, akaanza kukunja mkeka wangu.

"Amuka, mama Dorothée. Mihogo inaoza mu maji."

"Mama, iko siku kumi na mbili tu tangu nizae. Mwili inaniuma."

"Muzazi iko na mutoto. We uko na mutoto?" Hakuniangalia. "Mutoto anakufa, we uko naangalia makaratasi. Ile kitabu njo ilimukula."

Norbert alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Alisema anakwenda kutafuta betri za redio.

Jumamosi hiyo hiyo kapita aliita jina langu kwenye salongo, lile jina la kwenye karatasi, maana Adolphine, langu la ubatizo, serikali ilikwisha kulikataza pamoja na mengine ya namna hiyo. Nilifyeka nyasi za barabarani huku maziwa yakilowesha blauzi. Wanawake waliona, wakasogea upande mwingine.

Sasa nitasema la aibu. Katikati ya yote hayo nilitaka kujua yule mjane alijibu nini. Labda ni kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshtakiwa, na jibu sikuwa nalo. Kitabu nilikificha ndani ya kikapu, chini ya majani ya sombe. Shambani sikukaa hata dakika kabla ya kuitwa. Ziwani mikono ilikuwa na magamba ya samaki. Nikaingia nacho chooni, na mama mkwe akaja kukohoa nje, akakohoa tena, mpaka nikatoka. Katika wiki tatu nilisoma nusu ukurasa, ule ule, mara tano. Hakimu bado anasema simama.

Kisha Pulchérie akaja kukichukua. Godelieve, jirani yetu, alikuwa amejifungua.

"Niachie juma moja tu," nilimwomba.

"Juma moja, utasoma saa ngapi?"

Alikuwa ananijua vizuri. Nilimpa kitabu, na majani ya sombe bado yameshikamana nacho.

Nilihesabu siku za Godelieve vizuri kuliko alivyozihesabu mwenyewe. Alipotoka nje nilimngoja kwenye maji na beseni langu.

"Mujane alijibu nini?"

"Mujane gani?"

"Wa mu kitabu."

"Aa, dada," alisema, akacheka. "Mi nililala. Siku makumi ine, nililala tu."

Nilitamani kumpiga kofi. Halafu nikauona uso wake, umejaa, macho meupe, uso wa mtu aliyeshiba usingizi, nikamwonea wivu kwa hilo pia. Niliinama nikafua nguo zangu.

Wiki hiyo nilianza kumgeukia Norbert usiku. Alishangaa, kisha akajisifu. Nilipoanza kutapika asubuhi, mama mkwe alinichinjia kuku kwa mkono wake mwenyewe. "Uchungu imemutoka," aliwaambia majirani. "Anataka mutoto." Wote wanadhani nilitaka mtoto. Nilitaka kurasa mia moja ishirini na nane.

Sasa mimba ina mwezi wa tano. Pulchérie amekifunga kitabu kwa kitambaa, amekiweka chini ya kitanda chake, ameapa hatampa mwingine. Mtoto ameanza kucheza tumboni. Anacheza sana nikiwa nimeinama shambani, na nampenda, ingawa najua vizuri nilimwitia nini.

Jumapili iliyopita kanisani tuliambiwa kila mtu aombe kimoyomoyo. Nilifumba macho. Bwana, nilisema, huyu mwache aishi. Mpe siku arobaini.

Nikasikia nilichokisema. Nilitaka kukirudisha, niseme miaka, niseme uzee, niseme wajukuu, lakini watu walikwisha kuitikia amina, benchi zima limesimama, ikabidi nami nisimame niimbe.