Waimbaji Walioteleza kwa Mafuta ya Cherehani

Saa ya mapumziko, mshona kola alibaki kwenye kiti chake katika karakana ya mashati akicheza gemu ya bintiye. Ilikuwa ndogo ya kushika mkononi, rangi ya waridi, yenye wasichana watatu wanaoimba huku vinyota vikishuka. Kinyota kikigusa mstari, unabonyeza. Mama huyu hakuambulia wimbo hata kidogo, kwa sababu kelele za vyerehani zilishamla masikio yote mawili, na ofisi ikasema ni uzee. Lakini hakukosa kinyota. Vidole vyake vilijua mwendo wa sindano, na kwake yeye wimbo ulikuwa mshono tu.

Binti mwenyewe, kitinda mimba, alikuwa ameanza kazi wiki hiyo kwenye cherehani ya pembeni. Pale karakanani, mfanyakazi wa siku nyingi huruhusiwa kumleta mwanawe akae jirani naye, na watu huita hiyo bahati. Mama aliipokea bahati hiyo roho ikimuuma. Alijua masikio huaga vipi: kwanza ndege, halafu maji yanayochemka jikoni, halafu watoto wako. Sauti ya mwisho aliyoikumbuka ni ya huyuhuyu binti akiita kutoka bafuni kwamba sabuni imeisha.

Vizibo vya masikio vilikuwepo, tusiseme uongo. Vilikaa ofisini kwenye kabati la kioo, na vilitolewa siku ya wakaguzi.

Basi kitufe kimoja cha gemu kikanata. Mama akakifanyia kama anavyofanyia kila kinachonata, akakitia mafuta ya cherehani. Kitufe kikalegea, na waimbaji wote watatu wakateleza wakatoka, wakatua juu ya kola, kila mmoja mkubwa kiasi cha punje ya harage, sketi zikichuruzika mafuta.

"Poleni jamani," mama akawaambia.

"Kuteleza si kuanguka," akajibu mwenye nywele za manjano, na binti akamrudia mama maneno hayo kwa midomo.

Msimamizi akapita. "Hawa wana vitambulisho?"

"Wageni wa mama," binti akajibu.

"Wasisogelee pasi. Na wasikanyage kola nyeupe." Akaenda zake.

Kengele ikalia, mashine zikaanza. Waimbaji wakaziba masikio.

"Humu mnaishije?" aliuliza mmoja.

"Tunazoea," binti akasema.

Mama aliisoma midomo yake. "Usizoee," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mpaka safu nzima ikageuka. "Mimi nilizoea."

Waimbaji wakatazamana. Wawili wakapanda kwa misuko ya binti, kila mmoja akaingia sikio lake na kujikunja humo kama paka kapuni. Wakawa wanaacha maneno ya watu yapite na kuzuia mashine. Wa nywele za manjano alikaa kwenye kifundo cha mkono wa mama, na kila binti aliposema neno, yeye alilicheza pale kwa visigino. Mama alielewa mara moja.

"Kola yako imepinda, mama," ndilo lililokuwa neno la kwanza. Alishona iliyofuata machozi yakimtoka, nayo ikapinda pia.

Wakaguzi walikuja, wakaandika kwamba masikio ya binti ni mazima, wakaondoka. Vizibo vikarudi kabatini. Wanawake wengine wakaanza kuja na gemu za watoto wao, na ofisi ikabandika tangazo kwamba mafuta ya cherehani yasitumiwe kwa mambo binafsi. Kila mtu alilisoma, kisha chupa ikaendelea kuzunguka chini ya meza.

Jioni moja nyumbani, mama alikuwa anaanua nguo, visigino vikamgonga mkononi: mama, sabuni imeisha. Akachukua mche mpya, akaenda hadi mlango wa bafuni, akasimama pale kimya, ili aitwe tena.